Bwana Shamte na Viti Viwili

Haya, sogeeni. Mwenye kikombe cha kahawa akiweke chini kwanza, maana hadithi hii ukiisikiliza na kitu mdomoni utamtemea jirani yako, kisha mje mnilaumu mimi.

Palikuwa na mwanamke wa Pangani akiitwa Bi Mwanamisi, kungwi wa kuaminika, aliyewafunda wari wa mji mzima na wengine wa ng'ambo ya mto. Alikuwa na sifa moja na aibu moja, na zote mbili zilikuwa kitu kimoja: kicheko. Akicheka Bi Mwanamisi, kuku wa nyumba ya pili hukimbia. Amewahi kucheka katika fatiha, amewahi kucheka mbele ya mkwe wake, na siku moja alicheka mwenyewe akiwa mgonjwa taabani, daktari akakasirika akaenda zake. Uzeeni akasema, miguu bado ninayo, acha nikawaone walimwengu wanaishije. Alipanda nini na alilala wapi njiani, msiniulize. Aliondoka, akafika, na nchi aliyofika inaitwa Makini.

Pale kwenye lango la nchi mlinzi alimkodolea macho mpaka bibi wa watu akajipangusa midomo, akidhani ana mabaki ya mkate.

"Bibi, wewe unacheka?"

"Nikichekeshwa, mwanangu."

Mlinzi akashusha pumzi. "Basi nisikilize vizuri. Katika nchi hii akili hukaa kifuani, na mlango wake ni mdomo. Mtu akicheka kwenye jambo la serikali, akili humtoka, ikamwingia yeyote aliye karibu aliyefunga mdomo wake. Huyo aliyecheka anakuwa mfutwa. Mfutwa haongei mbele ya sheria, haweki sahihi, hanunui, hauzi. Husemewa na mtu mwingine, tunamwita Kinywa chake."

"Na akipiga miayo?"

"Hilo bado linajadiliwa bungeni tangu enzi za babu yangu."

Bi Mwanamisi akauma pindo la kanga yake kwa haraka. Tangu hapo pindo hilo halikukauka.

Wageni wa Makini hulazwa nyumbani kwa watu wa serikali ili wapate kuangaliwa nyuso zao, na yeye akapelekwa kwa Bwana Shamte, Naibu Mkaguzi wa Nyuso. Kazi yake ilikuwa kupita mitaani kila asubuhi kuhakikisha watu wamenuna ipasavyo. Mrefu, mwembamba, koti lake limepigwa pasi mpaka ndani ya mifuko. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono wake kwa mtu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kufuata taratibu. Angeambiwa kuna utaratibu wa kuanguka, angeanguka vizuri kuliko watu wote.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni. "Karibu. Huyu nyuma yangu ni mke wangu, Siwema. Usijisumbue kumsalimia, hana akili."

Siwema, nyuma ya bega la mumewe, akamkonyeza mgeni.

Bwana Shamte alipokwenda kazini, Bi Mwanamisi akavuta mkeka. "Mwanangu, ulifanya nini wewe hata ukafutwa? Ulicheka nini?"

Siwema alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani, machozi yakamlengalenga. "Bi Mwanamisi, unajua kuwa wewe ni wa kwanza kuniuliza?"

Ndipo akasimulia. Serikali ilijenga daraja kubwa, la mawe, lenye nguzo na taa. Lakini wataalamu walisema mto ule ni mpana na una maji mengi, kuukatiza ni hatari. Kwa hiyo daraja likajengwa kando ya mto, likaufuata ukingo kutoka huku mpaka kule, upande ule ule mmoja. Siku ya uzinduzi Waziri wa Ujenzi akakata utepe, akatembea daraja zima kwa heshima zote, akafika mwisho, akashuka, akawa bado yuko upande ule ule. Watu wakapiga makofi wamenuna. Siwema akacheka. Na akili yake, kwa mujibu wa sheria, ikamwingia Waziri aliyekuwa amesimama karibu naye, ambaye tangu siku ile huitwa Waziri mwenye Akili Mbili.

Hapo Bi Mwanamisi ilibidi akimbilie uani na kanga yake mdomoni, akajifungia bafuni mpaka mbavu zikatulia.

Jamani, kuishi na mfutwa si kazi ndogo. Walikwenda dukani pamoja. Siwema akasema, "Nataka nusu kilo ya unga." Mwenye duka akatazama juu, kama vile ni upepo umepita. Bi Mwanamisi akasema, "Anataka nusu kilo ya unga." Mwenye duka akapima. Siwema akasema, "Huu una wadudu." Mwenye duka akatazama juu. Bi Mwanamisi akasema, "Huu una wadudu." Mwenye duka akaomba radhi kwa Bi Mwanamisi, akabadilisha unga.

Wakati wa kurudi walipita jengo refu lenye mlango wa nyavu za chuma. Juu yake pameandikwa: Ghala la Vitu Visivyo na Mwenyewe. Bi Mwanamisi akachungulia. Mlikuwa na miavuli, baiskeli, viatu vya mguu mmoja mmoja, mbuzi wawili waliopotea. Na katikati ya miavuli aliketi bibi kizee juu ya sanduku, safi, ametulia, amefungwa kibandiko mkononi kama vile mzigo wa stesheni.

"Yule ni nani?"

"Mfutwa," Siwema akasema. "Mumewe alikufa, hana ndugu. Asiye na Kinywa hana mwenyewe. Huwekwa humo mpaka atokee wa kumdai." Akaharakisha hatua. "Na mimi ndiko niendako, Bi Mwanamisi. Shamte ameomba talaka. Anataka awe Mkaguzi Mkuu wa Nyuso, na wakubwa wamemwambia mtu ambaye mkewe alicheka hawezi kukagua midomo ya wenzake."

"Nawe unasemaje?"

"Kuachwa niachwe, mimi mwenyewe nimemchoka. Mwanamume anajua uso wa kila mtu mjini, wangu haujui. Lakini ghalani siendi. Nyumba ile ni ya mama yangu. Nitatoka vipi nyumbani kwa mama yangu nikakae na mbuzi?"

Bi Mwanamisi akageuka kulitazama tena lile ghala. Kwa mara ya kwanza tangu aingie Makini, pindo la kanga likamdondoka mdomoni bila kicheko chochote.

Basi mambo yakaanza. Kwanza akaja daktari wa serikali kuthibitisha kwamba Siwema hana akili kweli. Akamuuliza, leo ni siku gani? Siwema akasema Jumanne. Daktari akaandika: amebahatisha. Akamuuliza, mbili na mbili? Nne. Amebahatisha tena. Akamuuliza, mumeo ni mtu gani? Siwema akafikiri kidogo, akasema, "Sijui." Daktari akafurahi sana, akaandika kwa wino mwekundu: hajui hata mumewe.

Kisha wanasheria wakajadiliana barazani pa mahakama, kila mmoja na joho lake. Mmoja akasema mtu asiye na akili hawezi kuachwa, kwa sababu hatajua kuwa ameachwa. Mwenzake akasema kama ni hivyo hawezi kuwa ameolewa pia, na ikiwa hajaolewa, Bwana Shamte anaishi na nani? Wa tatu akasema wangojee apate akili, aachwe, kisha anyang'anywe tena. Walibishana mpaka jua likawahamisha kivuli mara kadhaa, na hakuna aliyefikiri kumuuliza Siwema, ambaye alikuwa ameketi hapo hapo anawamenyea machungwa.

Mwishowe likapatikana jibu. Mfutwa anaweza kushtakiwa talaka madhali Kinywa chake kimemsemea. Na Kinywa cha mwanamke aliyeolewa, kwa sheria ya Makini, ni nani? Ni mumewe.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Bwana Shamte atamshtaki mkewe, kisha atasimama kwa niaba ya mkewe ajijibu mwenyewe. Wanaume wote wa Makini waliowahi kuacha wafutwa walifanya hivyo hivyo. Hukaa kiti cha mdai wakashtaki, wakahamia kiti cha mdaiwa wakasema "ni kweli," wakarudi nyumbani kula. Kesi haichukui muda wa kuchemsha yai.

Lakini nimewaambia ugonjwa wa Bwana Shamte. Alikisoma kiapo cha Kinywa, na kiapo kilisema: nitasema yale ambayo mfutwa angeyasema kama angekuwa na akili, bila kupunguza. Akakisoma tena, jasho likamtoka. Asubuhi akamjia mgeni wake jikoni, amefunga vifungo vyote vya koti.

"Mama, nasikia wewe ni kungwi."

"Nilikuwa."

"Naomba unifunde. Nataka kuwa mke."

Lahaula! Bi Mwanamisi alikuwa anakunywa chai. Chai ikatokea puani. Akajifanya anakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akashika ukuta. Aliponyanyuka akaona macho ya yule mwanamume. Hayakuwa na mzaha hata chembe. Ndipo akili ya ukungwi ikamrudia, na ndani yake akasema, Mungu mkubwa, huyu ameniletea shingo mwenyewe.

"Nitakufunda, mwanangu," akasema. "Lakini kwetu mwari hafundwi kwa maneno. Utavaa kanga ya mkeo, utafanya kazi ya mkeo wiki nzima, na hutazungumza ila ukiulizwa. Siwema atapumzika."

Siwema alipumzika! Akavuta kiti uani, akanyoosha miguu, akala ubuyu. Wanawake wa mtaani walipanda juu ya ndoo kuchungulia ukutani, wote wameuma mitandio. Naibu Mkaguzi wa Nyuso akachota maji, ndoo ikamlowesha koti. Akakuna nazi, akakuna na kidole. Akatafuta chumvi jiko zima, akafungua kila kopo, mchuzi ukaungua akiwa bado anatafuta, na ilikuwa ndani ya kopo lililoandikwa majani ya chai. Akapiga koti lake mwenyewe pasi ya mkaa, ikamchoma kiganja, akapiga yowe, akakumbuka kuwa mke halalamiki mbele ya mgeni, akalimeza yowe nusu.

Na kila jioni, kazi zikiisha, Bi Mwanamisi alimwambia, "Sasa kaa kizingitini umngojee mumeo."

"Mume si ni mimi?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Akakaa. Akajingoja. Wali ukapoa chini ya kawa, naye hakutokea, maana angetokea wapi? Siku ya kwanza alichoka. Siku ya pili alikasirika, akasema, "Huyu bwana haji, hata salamu hatumi?" Siku ya mwisho alikaa tu pale kizingitini na kanga yake mabegani, akitazama barabara, na Bi Mwanamisi aliyekuwa anapita na kibakuli akamwona, akarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Siku ya kesi ikafika. Ukumbi wa mahakama ulifurika, watu mpaka madirishani. Mpangilio wa Makini ni kwamba mwenye akili nyingi zaidi ukumbini ndiye hukaa kiti cha juu akahukumu, na huyo alikuwa Hakimu Ndita, aliyezikusanya akili za mahakimu wenzake walioteleza wakatabasamu kazini. Kipaji cha uso wake kilikuwa na mikunjo kama nguo iliyoanikwa bila kukung'utwa. Waziri mwenye Akili Mbili alikaa mbele kama shahidi. Siwema alisimamishwa nyuma ya kiti cha mdaiwa, na mlangoni mfanyakazi wa Ghala alimngoja na kibandiko mkononi.

Bi Mwanamisi alikiona kile kibandiko. Akajisemea, ukicheka leo, mwanamke wewe, hutoki nchi hii. Akakunja pindo la kanga mara mbili, akaling'ata.

Bwana Shamte akakaa kiti cha mdai. "Mheshimiwa, mke huyu alicheka hadharani. Nyumba yangu ilikuwa na akili mbili, sasa ina moja, nayo ni yangu. Naomba talaka."

"Kinywa cha mdaiwa kijibu," akasema Hakimu.

Bwana Shamte akainuka, akajitanda kanga ya mkewe juu ya koti, akahamia kiti cha pili. Mgongoni kanga ilikuwa na maneno: Kimya changu si ujinga. Akaweka mikono magotini.

"Mimi Siwema, kwa kinywa cha mume wangu, nasema ni kweli. Nilicheka." Karani akaanza kukusanya vitu vyake. "Lakini, Mheshimiwa, huyu anayesema nyumba ina akili moja tu, naomba aulizwe chumvi inakaa wapi."

Karani akaketi tena.

"Mdai ajibu," akasema Hakimu.

Bwana Shamte akavua kanga, akahama. "Inakaa katika kopo la majani ya chai, Mheshimiwa."

Akajitanda, akahama. "Umejua lini?"

Akavua, akahama. "Juzi Jumatatu."

Akajitanda, akahama. "Na umeoa lini?"

Kukapita mnong'ono, mtu mmoja dirishani akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Bwana Shamte hakuona wala hakusikia. Kazi ilikuwa imemkolea.

"Analalamika kwamba koti halikunyooka! Anajua pasi ya mkaa inavyochoma? Tazameni!" Akanyoosha kiganja chenye lengelenge.

Hakimu Ndita akainama mbele. "Karani, mkono huo ni wa mdai au wa mdaiwa?"

Karani akafunua kitabu cha sheria huku na huku, jasho linamtiririka. "Mheshimiwa, mkono ni wa mdai. Jeraha ni la mdaiwa."

"Mahakama inapokea jeraha," akasema Hakimu. "Mkono arudishiwe mwenyewe."

Oo, Bi Mwanamisi! Kanga ilikuwa imeingia mdomoni mpaka kwenye magego. Aliyafumba macho, akafikiria misiba yote aliyowahi kuhudhuria, akakumbuka kuwa ile ya mjomba wake alicheka pia, akafumbua macho haraka.

Ndipo sauti ya Bwana Shamte ikabadilika. Akaliweka sawa lile pindo la kanga begani, taratibu.

"Mheshimiwa, siku ile ya daraja nilirudi nyumbani. Nikapika. Nikakaa kizingitini kumngojea huyu. Wamenipima, wameniandika, wamenijadili mpaka barazani. Katika nchi hii nzima hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilicheka nini. Na huyu, ninayelala naye kitanda kimoja, alirudi akaniuliza kama koti lake limekauka."

Nyuma ya kiti, chozi moja likamshuka Siwema, likafuatwa na jingine. Maneno hayo Siwema hakumwambia mumewe, wala Bi Mwanamisi hakumfundisha mwari wake. Yalitoka kizingitini.

Bwana Shamte akavua kanga, akakimbilia kiti cha mdai ili ajibu. "Mheshimiwa, sina jibu. Naomba muda nishauriane na mke wangu."

"Amekubali?"

Akajitanda upesi, upande wa ndani nje, akaruka kiti cha pili. "Sikubali! Nishauriane naye nini?"

Akarudi, kanga bado ipo kichwani. "Mke wangu, tafadhali, tusiaibishane mbele za watu."

Akarudi. "Aibu gani? Si wewe uliyenileta!"

Akarudi, akakosea kiti, akajikuta ameketi sakafuni katikati ya viti vyote viwili, akitazama huku na kule hajui kwa sasa yeye ni nani. "Mheshimiwa," akauliza kwa adabu kubwa, "zamu ni ya nani?"

Hakimu Ndita akapasuka.

Kilianza puani. Kikateremka mashavuni, mikunjo ya kipaji ikafumuka mmoja mmoja, na kicheko kilichokaa humo tangu utoto wake kikatoka na vumbi lake. Karani akaanguka kifudifudi juu ya sheria. Wanasheria walishikana majoho. Waziri alicheka akapoteza akili ya kwanza, akajaribu kujizuia, akapoteza ya pili. Mfanyakazi wa Ghala alilia kwa kicheko akijipangusa kwa kile kibandiko. Na Bi Mwanamisi? Kanga ilichanika, mwenzangu, nusu ikabaki menoni, akacheka kicheko cha Pangani chenyewe, kile cha kukimbiza kuku. Hata Bwana Shamte pale sakafuni akajiona alivyo, akaanza kutikisika mabega.

Mdomo uliobaki umefungwa ulikuwa mmoja.

Karani ndiye aliyeng'amua kwanza. Akajiinua, akatazama huku na huku, rangi ikamtoka. "Lahaula. Zote zimemwingia yeye."

Kicheko kikakatika. Watu wote wakamgeukia Siwema, aliyesimama nyuma ya kiti na uso wake umelowa, ana akili za ukumbi mzima kifuani, za Hakimu zikiwemo, na yake mwenyewe imerudi kutoka kwa Waziri. Hakimu Ndita akashuka kitini bila kuambiwa, akampisha. Sheria ni sheria.

Siwema akapanda. Akakaa. Miguu haikufika chini, akaikunja.

"Kwanza," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya, "Ghala lifunguliwe. Yule bibi atoke, atafutiwe nyumba. Miavuli ibaki."

Mfanyakazi wa Ghala akatoka mbio.

"Mheshimiwa," akasema Karani, "kuna tatizo dogo. Mdai sasa ndiye mfutwa. Kinywa chake kwa sheria ni mkewe, yaani wewe. Unaweza kumsemea lolote, kisha ukajikubalia."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bwana Shamte alisikia. Alilijua lile ghala. Yeye mwenyewe alikuwa amepeleka watu. Akasimama mbele ya mkewe na kanga yake ya ndani nje, akingoja.

"Vua kanga yangu," Siwema akamwambia. "Sasa sema mwenyewe. Bado waitaka talaka?"

"Jibu lake halina uzito, Mheshimiwa," Karani akanong'ona.

"Nimeuliza nisikie. Sikuuliza nipime."

Bwana Shamte akaikunja ile kanga vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyofundwa. "Nilipokaa kiti changu, niliitaka," akasema. "Nilipokaa chako, niliitaka zaidi. Mwanamume yule hakaliki naye."

"Ni kweli," akasema Siwema. "Na mimi pia naitaka. Talaka imetoka. Nyumba ya mama yangu nabaki nayo. Wewe chukua pasi, umeshajua kuitumia."

Ikaandikwa. Wanasheria wakajipanga wabishane kama mwenye akili nyingi kiasi kile anaweza kujiacha mwenyewe, wakakumbuka kuwa hawana akili, wakakaa kitako.

Hapo Bwana Shamte, badala ya kwenda zake, akasimama pale pale anageuzageuza kanga mikononi. Mkaguzi Mkuu hatakuwa tena, mume hatakuwa tena. Hakuwa na utaratibu wowote wa kumwambia afanye nini.

"Siwema," akasema, "ulicheka nini?"

Siwema akanyoosha kidole dirishani. "Lile pale."

Wakageuka wote. Dirisha la mahakama lilitazama mtoni. Walikuwa wamekaa nalo miaka yote. Daraja lilikuwa pale, la mawe, na nguzo na taa zake, limenyooka na mto kutoka huku mpaka kule, linausindikiza. Juu yake alikuwa anapita mwanamume na mzigo wa kuni kichwani, anatembea kwa heshima. Akafika mwisho. Akashuka. Akatazama ng'ambo. Akageuka, akaanza kurudi.

"Mheshimiwa, usicheke!" Karani akapiga ukelele, akiona midomo ya Siwema inatetemeka. "Akili zetu zote ziko kwako! Zitakwenda wapi?"

Amechelewa. Siwema alicheka, kile kicheko cha siku ile ya utepe kilichokatwa katikati, na akili zote zikatoka nje mara moja zikitafuta mdomo uliofungwa wa kuingia. Hazikuupata. Hakimu Ndita alikuwa ameshika nguzo, Waziri amejilaza chini akisema "lile nililitembea mimi, lile nililitembea lote," na Bi Mwanamisi alikuwa amemkumbatia daktari wa serikali, wote wawili wanalia. Akili zikazunguka ukumbini, zikakosa pa kwenda, ikabidi kila moja irudi kwa mwenyewe.

Bwana Shamte alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kiti cha juu, miguuni pa Siwema. Waliponyamaza kidogo kupumua, alimpa kanga yake.

"Laiti ningekuuliza siku ile," akasema.

"Siku ile ungenisuta."

Akafikiri, kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu. "Kweli. Ningekusuta kwanza. Halafu ningekwenda kuliangalia."

Siwema akajitanda kanga yake, upande wa nje nje. "Na mimi ningekungoja kizingitini," akasema, "uje ucheke nami." Akamshika bega kidogo, akashuka ngazi, akatoka zake mlangoni.

Bi Mwanamisi alirudi Pangani na nusu kanga, na nusu hiyo anayo hata leo. Mimi mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye kichwa na ajitwike.